Nyumba ya Ukurasa wa Thelathini na Moja

Baba mkubwa wangu alifanya kazi masjala mpaka akastaafu, na alipostaafu akahama na masjala yake. Nyumbani kwake Nkuhungu, hapa Dodoma, ukimwomba kiberiti hanyanyui macho, anasema tu, "Rafu ya pili, kushoto, baada ya mishumaa." Na kweli kipo. Ana msemo wake mmoja ambao amewaambia watoto, amewaambia mafundi, amewaambia wazee wa kanisa, na siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kuku aliyekuwa anataga nyuma ya tangi la maji: "Kisichoorodheshwa hakipo."

Mimi sauti yake ninayo yote. Anakohoa mara moja, anagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, halafu anatoa maneno moja moja kana kwamba kila moja linapigwa muhuri. Shuleni mwalimu akichelewa kipindi darasa zima linanigeukia: "Leta masjala! Leta masjala!" Nami nasimama, nakohoa, nagonga dawati, naanza kuorodhesha wasichana ambao hawajaoga tangu Jumatatu. Nimechapwa kwa hilo mara mbili na sijajuta. Lipo jambo jingine nililolifanya ili watu wacheke ambalo nimelijutia, na ninaliandika sasa hivi, kabla sijapata namna ya kulisimulia likachekesha.

Ilikuwa likizo ya Juni, nikiwa kidato cha tatu, ule upepo wa Dodoma wa kukata midomo ukiwa umeshaanza. Baba mkubwa akaniita kwake.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayesoma kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Mtihani umekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Kati ya wangapi?"

"Kati ya wanaosoma kompyuta."

Tunaosoma kompyuta tupo wanne, na alijua. Akaingia chumbani, akatoka na rundo la karatasi za fulskepu lililofungwa kamba nyeupe ya majalada. Akaliweka mapajani mwangu kama mtu anayekukabidhi mtoto mchanga. Kilikuwa kitabu cha ukoo. Kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu, alikuwa ameandika watu wote waliotoka kwa babu, nani kamzaa nani, nani yuko wapi, nani ni marehemu. Kazi yangu ilikuwa kukichapa, kukipanga na kukifikisha kwenye printa kabla ya mkutano.

Mkutano wenyewe ni wa Gulwe, kijijini kando ya reli, alikokuwa anaishi babu. Kila baada ya miaka michache, uwele ukishavunwa, tunakwenda sote, na desturi ya kwetu ni kwamba kila nyumba inaleta kibuyu cha unga wa uwele. Mkubwa wa ukoo anaita nyumba moja moja. Nyumba ikiitwa, mkubwa wake anasimama, anakwenda katikati ya uwanja, anamimina unga wake kwenye kapu moja kubwa, na unga huo uliochanganyika ndio unaosongwa ugali wa watu wote. Ninaposema nyumba sisemi kuta na bati. Babu alioa wake watatu, kwa hiyo nyumba ni tatu.

Au mbili. Hapo ndipo penye maneno.

Nyumba ya kwanza ni ya bibi yangu mimi, aliyemzaa Baba mkubwa na baba yangu na wengine. Nyumba ya pili ilizaa watoto sita, na hao sita wamezaa kama wanaogombea ubunge. Bibi wa tatu alikuja mwishoni, mwaka wa njaa, kutoka huko alikotoka, na kibuyu chake kimoja. Akazaa mtoto mmoja wa kike, kisha yeye mwenyewe akafariki, mtoto huyo akiwa hajaweza hata kufunga kanga mwenyewe. Wa nyumba ya pili wakamlea. Mtoto huyo ndiye shangazi yangu. Anaishi Gulwe peke yake kwenye kiwanja kilekile cha zamani, analima, hakujaliwa mtoto, na likizo zangu zote tangu darasa la kwanza nimekaa kwake. Kupika nimejifunza kwake. Kutukana kwa adabu nimejifunza kwake.

Nilisoma fulskepu zile palepale. NYUMBA YA KWANZA, kurasa nyingi. NYUMBA YA PILI, kurasa nyingi zaidi. Mwisho wa nyumba ya pili, mstari mmoja: "Aidha, katika nyumba hii alilelewa pia," kisha jina la Shangazi. La mama yake halikuwepo.

"Baba mkubwa," nikasema, "nyumba ya tatu iko karatasi ipi?"

"Nyumba ni watu," akasema. "Nyumba yenye mtu mmoja ni chumba."

Nikacheka. Niliseme na hilo. Nilicheka kwa sababu lilikuwa limetengenezwa vizuri, na mimi maneno mazuri huwa nayaiba.

Kesho yake nikapanda basi la Mpwapwa, nikaunganisha mpaka Gulwe, na kompyuta kuukuu ya baba yangu kwenye begi la shule. Shangazi alikuwa nje anamenya karanga. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za wote mpaka za paka, halafu akaona nafungua kompyuta kwenye kigoda.

"Ndicho kitabu hicho?"

"Ndicho. Ila hapa bado kiko tumboni."

"Mama yangu yumo?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. "Bado," nikasema.

Akaendelea kumenya. Shangazi Kiswahili chake anakisema polepole, Kigogo ndicho chake, na akitaka jambo lieleweke hulipanga kwanza. Aliweka karanga tatu nne kwenye ungo ndipo akasema.

"Sitaki sifa. Hata habari zake sina, nilikuwa hivi." Akaonyesha kwa mkono kimo cha mbuzi. "Nataka waandike nyumba ya tatu. Waandike jina lake. Waandike alikuja na kibuyu kile pale. Basi. Na mara hii unga wangu nimimine mwenyewe. Miaka yote nachangia kibuyu cha watu."

"Shangazi, si unga ni uleule?"

"Ni uleule. Lakini hakuna anayemwita." Akapuliza maganda. "Mimi nikifa, nani mwingine atasema alikuwepo?"

"Nitamwandika," nikasema. "Kichwa kikubwa kabisa. Kitakachoonekana hata na mtu aliyeko Kilosa."

Kusema hivyo hakukunigharimu chochote. Nikaandika palepale, mbele yake, NYUMBA YA TATU, na chini yake mistari minne, kwa kuwa minne ndiyo aliyokuwa nayo.

Hapa lazima nieleze kitu cha kompyuta, na nitakieleza kama nilivyomweleza yeye. Kompyuta haisomi. Ukiiambia ikutengenezee ukurasa wa yaliyomo, haiangalii maneno yana maana gani, inaangalia yamevaa nini. Maneno ya kawaida yamevaa nguo za nyumbani. Vichwa vya habari vina sare, na sare zina ngazi: kichwa cha kwanza ni dada mkuu, cha pili ni kiranja, cha tatu ni monita wa darasa. Wewe ukisema "tengeneza yaliyomo," yenyewe inasimama getini, inaita kila aliyevaa sare, inaandika jina lake na ukurasa anaokaa. Usipoiambia kitu, inachukua ngazi tatu za juu. Ukitaka, unaipunguzia, unaiambia leo tunamtaka dada mkuu peke yake. Wale wengine wanabaki ndani ya kitabu, wapo, wanakula na kulala, ila getini hawajulikani.

"Kama askari wa stesheni," Shangazi akasema. "Huna tiketi, hujasafiri, hata kama umeshafika."

Nilirudi Dodoma na nakala ya kwanza. Nyumba nilizivisha ngazi ya kwanza, watoto ngazi ya pili, wajukuu ngazi ya tatu, na nilikuwa nimejisahau nikaacha zote tatu. Baba mkubwa akaifungua. Baba yangu alikuwepo, anakunywa chai. Ukurasa wa yaliyomo ulikuwa umekuwa kurasa tano.

"Hii nini?"

"Yaliyomo."

"Yaliyomo ni ukurasa mmoja. Waraka wenye yaliyomo ya kurasa tano haujui unachotaka." Kidole chake kikateremka, kikasimama. "Na hii nyumba ya tatu imetoka wapi?"

"Kwa Shangazi."

"Iondoe."

"Baba mkubwa, yeye anasema..."

"Nimekusikia. Dada yangu nampenda, nimembeba kwa mikono hii. Huko ndani andika unavyoandika, sitapekua kila mstari. Lakini kwenye orodha nyumba ni mbili. Tukianza kuorodhesha kila aliyepita uani kwa mzee, hatutamaliza."

Nikamgeukia baba yangu. Baba yangu ni mdogo mtu, na mbele ya kaka yake hupatwa na mapenzi makubwa ya chai. Akapuliza kikombe ambacho kilikuwa kimeshapoa.

Basi nikarudi kwenye kompyuta na hasira zangu, na hapo ndipo nilipopata akili, yaani ile akili ambayo ukiwa nayo unajiona una akili.

Kuna kidirisha ambacho wengi hawakifungui. Kinaorodhesha sare zote zilizomo kwenye waraka, na kando ya kila sare kuna kisanduku kidogo cha kuandika namba. Ukiandika moja, sare hiyo inaingia kwenye yaliyomo kama kichwa kikubwa. Ukiandika mbili, inaingia chini yake. Kisanduku ukikiacha kitupu, haiingii kabisa. Nikashona sare mpya. Wino uleule, unene uleule, ukubwa uleule, katikati ya ukurasa vilevile kama nyumba ya kwanza na ya pili. Nikaivisha NYUMBA YA TATU. Halafu nikakiacha kisanduku chake kitupu, na vya watoto na wajukuu nikavifuta namba.

Nikabonyeza kusasisha. Yaliyomo yakajikunyata, yakawa nusu ukurasa: Dibaji, Nyumba ya Kwanza, Nyumba ya Pili, Shukrani. Nikafunua ukurasa wa thelathini na moja. NYUMBA YA TATU ilikuwa imekaa pale, nene, nyeusi, kama malkia.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Baba mkubwa husoma yaliyomo tu, kwake kitabu kinaishia pale. Shangazi hana haja na yaliyomo, anataka ukurasa wake. Kila mtu amepata kitabu anachokitaka, na kitabu ni kimoja! Hata rais, nilijiambia, hawezi kupatanisha watu hivi.

Baba mkubwa akaangalia orodha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaweka sahihi yake chini kana kwamba ni barua ya uhamisho. Nikapeleka flashi mjini kwenye steshenari, zikatoka nakala arobaini, jalada la kijani. Nakala moja nikaitanguliza Gulwe mwenyewe, siku nne kabla ya mkutano.

Shangazi alinawa mikono kwanza. Akajifuta kwenye kanga, akakaa, akasema, "Haya."

Sikumpa kitabu mkononi. Nilikishika mimi, kurasa za mwanzo nimezibana kwa kidole gumba, nikamfungulia moja kwa moja thelathini na moja. Alisoma kwa midomo. Alipofika kwenye jina la mama yake hakusoma tena, alipitisha kidole juu yake, kwenda na kurudi, kama mtu anayepima kama kitambaa ni cha pamba.

"Ukurasa wa ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Thelathini na moja," akarudia. Mchana ule alirudia mara nyingi, akiteka maji, akifukuza kuku. Jioni akakitoa kibuyu cha mama yake kwenye kigingi chake ukutani, akakisuuza, akakianika. Kesho yake akaanza kusaga uwele kwa jiwe. Mashine ipo, haiko mbali, unga unatoka mweupe kama chaki. Nikamwambia. Akasema wa kwake atausaga kwa jiwe.

Nilikaa kwenye kigoda namsikiliza anavyosaga. Mpaka pale nilikuwa sijawaza kuhusu kuitwa. Nilikuwa nimewaza kuhusu karatasi. Nikajiambia Baba mkubwa ataita kwa kichwa, bila karatasi, kama zamani. Ataona kibuyu cha tatu mikononi mwa Shangazi, atamwonea haya. Nikajiambia Shangazi akiona hajaitwa atasimama tu mwenyewe, nani atamkaripia? Nilijiambia mambo mengi. Jambo moja sikumwambia yeye, na siku zilikuwa nne, na tulilala chumba kimoja.

Siku ya mkutano walikuja kwa magari mawili ya kukodi na wengine kwa pikipiki. Uwanja ukajaa. Upepo ulikuwa unavuruga vumbi mpaka akina mama wamejifunika vichwa, na kule relini treni ya mizigo ikapita ikapiga honi ndefu, sala ikabidi isubiri. Kapu likawekwa katikati. Baba mkubwa akasimama. Alikuwa amevaa koti la suti, ameshika kitabu, na mimi nikaona miwani inapanda puani na kitabu kinafunguliwa mwanzo kabisa, ukurasa wa yaliyomo.

Hakuita kwa kichwa. Kwa nini aite kwa kichwa, mtu wa masjala aliyepata orodha iliyochapwa?

Akakohoa mara moja. "Nyumba ya kwanza! Ukurasa wa tatu!"

Vigelegele. Baba mkubwa mwenyewe akapokezwa kibuyu, akamimina, vumbi la unga likapeperuka.

"Nyumba ya pili! Ukurasa wa kumi na tatu!"

Vigelegele mara mbili, maana wako wengi. Mkubwa wao akamimina. Mwanamke mmoja wa nyumba hiyo akamgeukia Shangazi, akampungia mkono waende wote kama siku zote. Shangazi akatikisa kichwa, akitabasamu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kibuyu mapajani. Kitabu kilikuwa wazi juu ya goti lake, kidole juu ya ukurasa ili upepo usiufunge. Alikuwa ameshang'oa lile gunzi la mahindi linaloziba mdomo wa kibuyu, amelishika kiganjani.

Baba mkubwa alikuwa amefika kwenye mstari unaofuata, na mstari unaofuata ulikuwa Shukrani. Hapo mtu mwingine angeendelea. Yeye, kwa kuwa kazi ni kazi, akanyanyua macho, akanitafuta.

"Mchapaji."

Watu wote wakageuka.

"Thibitisha mbele ya ukoo. Nyumba zote zimeitwa?"

Shangazi alikuwa ameshaanza kunyanyuka, goti moja juu. Aliniangalia bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesubiri apitishiwe chumvi.

Bado. Neno lenyewe ni fupi hivyo. Lilikuwepo, nililiona. Lakini nilikuwa na macho sijui mangapi usoni, nilikuwa na Baba mkubwa na sahihi yake, nilikuwa na ujanja wangu ambao ndani ya dakika moja ungejulikana ni ujanja, na mdomo wangu ukafanya kitu unachokijua. Nikakohoa mara moja. Nikagonga kiti mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Zimekwisha, Baba mkubwa," nikasema, kwa sauti yake kabisa. "Labda tuite na za kuku."

Wee! Uwanja mzima ulianguka. Wajomba walipigana mabega. Yule mwanamke wa nyumba ya pili alijifuta machozi akisema, "Huyu mtoto! Huyu mtoto atatuua!" Baba mkubwa mwenyewe alitabasamu, kitu ambacho hakijaorodheshwa popote. Sijawahi kuchekesha watu wengi hivyo kwa mara moja, na nadhani sitawahi.

Shangazi akakaa. Hakukaa kwa kishindo wala kwa hasira, alikaa kama mtu aliyekumbuka kwamba hakuwa na safari. Akafunga kitabu. Akalirudisha gunzi kwenye mdomo wa kibuyu, akalikandamiza kwa kiganja. Katika kicheko chote kile, mlio wa gunzi likiingia niliusikia.

Ugali ulisongwa. Yeye ndiye aliyewagawia watu mlenda, na hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu kila mkutano ndiye anayewagawia mlenda. Alipoulizwa mbona hali, alisema ameonja sana jikoni. Jua likiwa bado juu, magari yakapakia. Vitabu vikaondoka, vingine kwenye mikoba, vingine vimefanywa kofia ya kuzuia vumbi. Baba mkubwa alikiweka cha kwake kwenye bahasha ya kaki, akampa dada yake mkono, akamshukuru kwa maandalizi mazuri. Mimi likizo ilikuwa bado wiki moja. Nikabaki.

Tukafagia uwanja. Yeye upande wake, mimi upande wangu.

"Shangazi."

"Abee."

"Shangazi, mimi..."

"Kuku wangu ni wanne," akasema. "Siku nyingine ukiwaita, waite vizuri."

Ningefurahi kama angenipiga na ule ufagio. Nikaanza kumweleza: Baba mkubwa alivyosema, kurasa tano, nyumba mbili, hasira zangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kaka yangu namjua tangu wadogo," akasema. "Akikunyima anakunyima mkiwa mnaangaliana. Wewe uliniletea kitabu, ukanifungulia. Kidole gumba chako kilikuwa wapi?"

"Kwenye yaliyomo."

"Nilidhani umeshika tu."

Akaegemeza ufagio ukutani. "Lete hiyo kompyuta."

Nikaleta. Betri ilikuwa na robo. Akakaa kwenye kigoda, mimi nikapiga magoti vumbini.

"Nionyeshe uliponiacha nje."

Nikafungua kile kidirisha. Nikamwonyesha zile sare, majina yake yakiwa yamepangwa mstari mstari, na vile visanduku. Nikamwonyesha cha kwetu, kitupu. Akainama mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

"Hapa?"

"Hapo."

"Kumbe ni padogo hivi," akasema.

Halafu akaniambia niweke. Nikaandika moja. Nikabonyeza kusasisha, na yaliyomo yakasogea kidogo, kama watu kwenye benchi wakimpisha mtu: Nyumba ya Kwanza, Nyumba ya Pili, Nyumba ya Tatu, ukurasa wa thelathini na moja, Shukrani.

Shangazi akasimama. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Kapu lilikuwa bado katikati ya uwanja, limebaki na vumbi vumbi la unga wa watu chini.

"Soma," akasema.

"Watu wameondoka, Shangazi."

"Nimeona. Soma."

Nikasimama na kompyuta mikononi. Nikakohoa. Sikukusudia, ni mazoea, kikohozi kilitoka chenyewe.

"Si kwa sauti yake," akasema. "Kwa yako."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ya kwangu sijaizoea. Ilitoka nyembamba, ikakatika katikati. Nikasoma nyumba ya kwanza na ukurasa wake. Nikasoma ya pili. Nikasoma ya tatu, na jina la mama yake, ingawa jina halikuwa kwenye yaliyomo, lilikuwa huko ndani. Hapakuwa na kigelegele. Alikwenda mpaka kwenye kapu, akang'oa gunzi, akamimina polepole, wote, akakigonga kibuyu kitako ili hata wa chini utoke. Upepo ulichukua kiasi ukaupeleka upande wa relini.

Akakoka moto. Unga wa jiwe unatoa ugali mzito, wa kijivu, wenye chenga ndogo unazozisikia kwenye meno. Tulikula watu wawili ugali wa kapu. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwuliza. Nilijua nikiuliza nitauliza kwa namna ya kuchekesha.

Kabla betri haijazima niliunganisha simu nikamtumia Baba mkubwa waraka ule upya. Nikamwandikia kwamba yaliyomo ya mwanzo niliyaharibu mimi, kwa makusudi, kwamba nyumba ni tatu, na kwamba siku ile nilithibitisha uongo mbele ya ukoo. Niliandika kwa maneno yangu na nilipomaliza sikuongeza kitu.

Asubuhi jibu lilikuwa limeingia. Shangazi alikuwa ananawa uso.

"Amesemaje?"

Nikamsomea. "Imepokelewa. Itafanyiwa kazi."

"Ndiyo nini hiyo?"

Kwa miaka yote niliyomwigiza mtu yule, nilikuwa sijui. Huenda ni ndiyo. Huenda ni jalada linarudishwa kabatini. Nikamwambia sijui.

Akajifuta uso kwa kanga. Akakichukua kibuyu alichokuwa amekianika juu ya paa la jiko, akachungulia ndani kama kimekauka, akaenda kukitundika. Nilimsikia huko ndani akihangaika na kigingi, na nikamsikia akisema peke yake, si kwa ajili yangu, thelathini na moja.